Kidoti Shavuni

Mji mzima ulilipenda lile shairi, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyesemekana kuandikiwa. Dunia ina mambo.

Lilikuwa soneti, mistari kumi na minne iliyobanwa kwa vina mwanzo hadi mwisho, nalo lilikuwamo kwenye kitabu cha shule tangu wazazi wa watoto wa leo walipokuwa wenyewe watoto. Watu walilisoma harusini. Vijana waliiba mstari mmoja mmoja wakawatumia wasichana, huku wakiapa kwamba wamekesha wakitunga. Hata mtu aliyesahau yote ya mwanzo aliikumbuka mistari miwili ya mwisho, kwa kuwa ilikuwa mitamu mdomoni:

Kwa huyu mimi hupiga, mbele ya umati goti,
Nitazame shavu lake, na juu yake kidoti.

Mtunzi wake alikuwa mwalimu mstaafu ambaye wanafunzi walimpa jina la Mzee Vina, nalo likamganda. Mkewe aliitwa Bi Chapa, kwa sababu ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha uchapaji. Na Bi Chapa hakuwa na kidoti. Hakuwa nacho shavuni, wala kidevuni, wala mahali pengine popote ambapo mume ana ruhusa ya kupajua. Shavu lake lilikuwa shavu tu, limezeeka kwa heshima zake. Wageni walipomtazama sana usoni, wakitafuta kile walichokariri shuleni, yeye alicheka akasema kimefutika kwa uzee, kisha akawaongezea chai. Uongo huo alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Ukweli aliukalia mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa mkunga wa shairi lile. Enzi hizo herufi zilikuwa za madini ya risasi, unaziokota moja moja kutoka kwenye trei na kuzipanga kwenye kibao kidogo cha chuma, zote zimegeuka kinyume, na mpangaji mzuri husoma kinyumenyume bila kusitasita. Bi Chapa alikuwa mpangaji mzuri. Alilipanga shairi la yule mwalimu kijana kwa vidole vyake, akafika mwisho, akaokota herufi za neno kidoti, kisha akainua macho. Chumba cha kupangia kilikuwa na dirisha lililotazama mbele, kwenye kaunta. Pale kaunta alikaa msichana wa kupokea wateja, mchangamfu, mwenye kicheko cha kumfanya mtu asahau alichojia, na juu ya shavu lake la kushoto palikuwa na kidoti cheusi, kizuri, hakuna awezaye kukikana. Na mwalimu mwenyewe alikuwa ameegemea kaunta ileile.

Alikuja tena na tena, mwalimu yule, kukagua prufu, zile karatasi za majaribio, ambazo hazikuwa na kosa. Alirudisha karatasi kwa ajili ya mkato mmoja, kesho yake akaja kuuondoa. Kiwandani wakacheka chinichini. Halafu msichana wa kaunta akaolewa mji mwingine akaondoka, na haukupita muda mrefu, mwalimu akaanza kubisha mlango wa chumba cha ndani. Bi Chapa alijumlisha mwenyewe, akapata jibu: aliyemfuata ameondoka, sasa anachukua aliyebaki. Akaolewa hivyohivyo, kwa sababu alimpenda. Alimpenda vibaya sana, na mwenye kupenda hana macho, au anayo na anayafumba.

Mume alikuwa mwema. Hakuna siku aliyokula chungwa asimmenyee na mkewe. Alilea watoto, aliwatania wakwe, alimpigia pasi nguo zake zote wakati mkewe alipovunjika mkono. Tena kila mahali alitangaza kwamba shairi ni la mkewe. Lakini kila alipotangaza, Bi Chapa alikiona kile kidoti kwenye shavu la mtu mwingine, na tabasamu lake likawa la kuazima. Hakuuliza hata siku moja. Asiyeuliza hapati jibu baya, alijiambia, na methali hiyo aliitunga mwenyewe kwa kuwa zilizopo zote zilimwambia kinyume.

Mambo yalianza kuchemka pale maktaba ya mji ilipotoa wazo la kitabu. Washairi wa leo wangechukua soneti za kale, kila mmoja yake, na kuziandika upya kwa jicho la leo: kuzijibu, kuzigeuza, kuzivua na kuzivisha. Soneti ya Mzee Vina ilimwangukia mjukuu wake mwenyewe, binti aliyekuwa fundi simu, mwenye kibanda karibu na posta na bisibisi nyembamba kama sindano. Mchana alifungua simu za watu, na katikati ya simu mbili aliandika mashairi huru, yasiyo na vina wala mizani. Babu yake alisema hizo ni sentensi zilizokatwa kwa mkasi. Mjukuu alijibu kwamba za babu ni sentensi zilizovishwa tai. Walipendana sana, wale wawili, na hawakuwahi kukubaliana juu ya shairi lolote.

Siku moja ya mapumziko alimkuta bibi yake akikunja nguo sebuleni. Mzee alikuwa ametoka kwenda kwa kinyozi. Mjukuu alieleza kwamba anataka kuliandika shairi kutoka upande wa mwanamke, yeye ndiye azungumze safari hii, maana miaka yote anatazamwa tu na hajaulizwa neno. Bi Chapa alilipenda wazo hilo kuliko alivyoonyesha. Kisha mjukuu akainama, akamtazama kwa karibu, kama anavyotazama ubao wa simu.

"Mke mwenzangu," alisema, kwa ule utani wao wa siku zote, "hiki kidoti chako kilikuwa shavu gani? Nataka kuanzia hapo."

Bi Chapa angeweza kutoa uongo wake uleule. Mdomo ulikwisha funguka. Lakini alichoka ghafla, uchovu wa mtu aliyebeba ndoo mbali na sasa anaona kibaraza. Akakaa juu ya nguo alizokwisha kunja, akasema hakikuwa shavu lolote. Akasimulia yote, kaunta, dirisha, prufu zisizo na kosa, kicheko cha yule msichana. Aliposimulia hakulia. Sauti tu ilikuwa imepungua.

Mjukuu hakucheka wala hakumpa pole. Alimshika mkono. Bi Chapa alimwomba amuulize babu yake, kwa ujanja, kama mshairi anayemuuliza mshairi mwenzake. Binti akakataa. Alisema yeye hufungua simu, hafungui ndoa za watu, na kwamba swali la bibi lina mdomo wake, wa bibi mwenyewe. Alikuwa na haki. Mficha uchi hazai.

Basi swali likakaa kifuani mwa Bi Chapa kama mfupa wa samaki, halimezeki na halitoki. Lilitoka jioni moja alipokuwa anamkata mumewe kucha za miguu. Mzee hakuweza tena kuinama, magoti yalimsaliti siku nyingi, hivyo aliloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto na mkewe akaketi kwenye kigoda mbele yake. Ilikuwa kazi ya kila mwezi, nao waliipenda wote wawili bila kusema. Mguu wa kushoto ulikuwa umekwisha. Alikuwa ameupakata wa kulia kwenye taulo, na kwa kuwa hakulazimika kumtazama usoni, akauliza.

"Mzee, kile kidoti ni cha nani?"

Mzee Vina aliuliza kidoti gani. Alipoelewa, akacheka kicheko chepesi cha mtu aliyekumbushwa utundu wa utotoni. Kile? Kile ni cha kina. Alikuwa amekwisha andika goti, alieleza, na goti lilikuwa zuri, hakutaka kulipoteza. Sasa baada ya goti utaweka nini? Koti? Noti? Kidoti kikaja chenyewe, na mizani ikakaa sawa, akamshukuru Mungu akaenda kulala.

Bi Chapa aliendelea kukata kucha, maana mikono ilikuwa haijapata habari. Halafu ikapata. Akaweka mkasi chini. Aliuliza, kwa utaratibu, kama Mzee anamkumbuka msichana wa kaunta alikuwa na nini shavuni. Mzee akakunja uso, akafikiri kwa dhati, akasema yule msichana alikuwa na kelele nyingi, ndiyo, anamkumbuka, alimzibia dirisha la chumba cha kupangia. Kidoti? Alikuwa nacho? Hilo halikumbuki.

Huenda ulikuwa ukweli mtupu. Lakini mzee huyohuyo alifundisha maigizo shuleni miaka mingi, na aliweza kulia machozi ya kweli kwa ajili ya mfalme wa kadibodi. Bi Chapa alimtazama, akashindwa kumsoma, yeye aliyesoma kinyumenyume bila kusitasita. Na lililomuuma zaidi lilikuwa lile jibu jepesi. Ama mumewe alimwimba mwanamke mwingine, ama alimwimba yeye bila kumtazama, akamchoma kidoti usoni kwa sababu ya herufi nne za goti. Hakujua lipi afadhali. Alimfuta mguu, akambakizia kucha tatu, akaondoka na beseni.

Nyumba ikaingia baridi. Hawakugombana, walikuwa wamepita umri wa kuvunja vyombo. Bi Chapa alipika, alitandika, alijibu alichoulizwa, wala hakuongeza. Mzee alimenya machungwa akayaweka kwenye sahani mbele yake, na machungwa yakakauka. Sasa ndipo alipoona kwamba mambo si mchezo. Alimwendea mjukuu kibandani kutafuta ushauri, akaambiwa kwamba bibi alikuwa ameishi na kidoti cha mtu mwingine tangu siku ya harusi, akarudi nyumbani polepole, akipumzika njiani.

Akaanza kazi. Sauti yake ilisikika kutoka chumbani akihesabu mizani kwa vidole juu ya meza, akinong'ona noti, koti, shoti, akifuta, akianza tena. Alijaribu kulibadili goti lenyewe na mistari ya juu ikabomoka yote. Vina alivyovipanga ujanani vilikuwa vimeshikana, ukigusa kimoja vinakufuata. Hatimaye asubuhi moja alitokea jikoni amenyoa ndevu, amevaa shati la kutokea, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, akasoma:

Nitazame shavu lake, halitafutiwi noti.

Akangoja. Lilikuwa limekaa vizuri, mizani nane kwa nane. Bi Chapa alikuwa anasuuza vikombe. Alikausha mikono kwanza, kikamilifu, kidole kwa kidole.

"Kidoti umekitoa, umeleta noti," alisema. "Bado unatafuta kina, Mzee. Mimi hujanitafuta."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilimwingia. Mzee alibaki pale mlangoni na karatasi yake, mdogo kuliko shati alilovaa. Bi Chapa alimhurumia palepale, tena sana, nusura amwambie basi, yameisha. Lakini hayakuwa yameisha, na uongo wa kidoti alikuwa ameuacha. Alitaka kujua kitu kimoja tu kabla ya kufa, kama aliwahi kuonwa. Akavirudia vikombe.

Siku ya kuzindua kitabu ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa maktaba. Viti vya plastiki vilijaa, watu wengine wakaegemea rafu, na maikrofoni ikapiga kelele kila mtu alipoikaribia. Bi Chapa alikaa safu ya nyuma, mahali pake pa siku zote. Washairi wa leo walisoma. Kulikuwa na kijana aliyeigeuza soneti ya vita kuwa ujumbe wa simu kutoka kwa mama wa askari, na mama mmoja muuza vitambaa aliyeichukua soneti ya waridi akaiandika kwa sauti ya mwiba. Watu walicheka, wakanyamaza, wakapiga makofi.

Mjukuu alisoma kwa sauti ndogo, mikono mfukoni. Alikuwa amebakiza mistari kumi na minne na kuyatupa mengine yote.

Nimeinama, ndiyo maana huuoni uso wangu.
Jina lako nalisoma kutoka nyuma.
Kila herufi yako imepita kwenye vidole hivi,
imekuwa nzito, imekuwa baridi, imepata joto langu.
Nikimaliza nitanawa, na wino hautatoka.
Usiniandike. Nitazame.

Yaliyobaki Bi Chapa hakuyasikia vizuri. Katika shairi lile hapakuwa na shavu wala kidoti, palikuwa na mikono tu, na mikono ile aliijua. Alitamani Mzee awe amelisikia. Alimwona safu ya mbele, kisogo chake chenye mvi, hakikutikisika.

Kisha mkutubi akamwita Mzee Vina afunge shughuli kwa kuisoma soneti yenyewe, ya asili, kama ilivyo. Ukumbi ulisimama kumpokea. Alipanda jukwaani taratibu, akaikataa miwani aliyopewa, akaanza. Alisoma kwa ile sauti ya darasani, na watu wakasoma naye, kwanza kwa minong'ono, halafu wazi, wazee kwa vijana, ukumbi mzima ukipanda na kushuka na mizani. Bi Chapa alikaza macho kwenye sakafu. Alijua wanakokwenda. Walifika kwenye goti kwa kishindo, wakavuta pumzi pamoja, wakauendea mstari wa mwisho, na watu wote wakasema kidoti.

Sauti moja haikusema. Ilichelewa kidogo, ikaja peke yake baada ya zote:

"Nitazame shavu lake, shavu lisilo na kitu."

Mwalimu mmoja wa safu ya mbele, aliyefundishwa na Mzee, alimnong'oneza kwa upole kwamba ni kidoti, Mwalimu, kidoti. Watu wakatazamana kwa huruma, maana uzee haumwachi mtu. Mzee Vina alisubiri wanyamaze. Aliegemea meza kwa mkono mmoja. Akausoma mstari tena, uleule, polepole zaidi, goti juu na kitu chini, na vina havikuonana.

"Sikusahau," alisema. "Nilidanganya kwa ajili ya kina. Mwenye shavu yupo hapa, na hajawahi kuwa na kidoti."

Bi Chapa hakujua kama anapumua. Alimjua mtu huyu. Alikuwa amemwona akikataa tuzo kwa sababu mhariri alimharibia kina kimoja. Alikuwa amemwona akimrudishia mtoto wake mwenyewe kadi ya sikukuu ili arekebishe mizani. Kama angetaka kumridhisha tu, angebaki na zile noti zake, watu wangempigia makofi, na nyumbani angesema nimekurekebishia. Lakini alikuwa amesimama mbele ya mji mzima na shairi lake bora likiwa limevunjika mguu, kwa hiari yake, ili aseme jambo dogo la kweli juu ya uso wa mwanamke mmoja. Wala hakuacha mahali pa kujificha. Alikuwa ameutazama uso huu. Huenda ni zamani kupitia dirishani, huenda ni juzi tu akiwa mlangoni mwa jikoni, lakini ameutazama, na Bi Chapa alifurahi hadi akaumwa.

Ndipo akamwona anashika ukingo wa meza na kuanza kuinama. Mguu mmoja ulirudi nyuma. Uso ulikunjamana kwa maumivu. Mzee alikuwa anapiga goti, mbele za watu, kama alivyoandika na asifanye kamwe.

Bi Chapa hakukumbuka kusimama. Alijikuta katikati ya viti, akiomba njia, akipita magoti ya watu, mwanamke ambaye hakuwahi kutoka safu ya nyuma. Alimfikia kabla goti halijagusa ubao, akamshika chini ya kwapa.

"Usipige," alimwambia. "Hutaweza kuinuka, na mimi siwezi kukuinua."

Maikrofoni iliyachukua maneno hayo ikayapeleka hadi mlangoni, na ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi. Wao hawakugeuka. Mzee alikuwa bado amemwegemea, anahema. Akasema, kwa sauti ambayo maikrofoni haikuipata, kwamba mstari umeharibika, hauna kina tena, na hajui kama anaweza kuupenda ulivyo. Bi Chapa akamjibu kwamba yeye anaupenda, na kwamba amempenda mtunzi wake siku zote, hata alipodhani kwamba amepewa mabaki.

"Hukupewa mabaki," Mzee alisema.

"Nimejua sasa."

Watu walianza kusogeza viti. Mjukuu alikuwa anawazuia waliotaka kupanda kupiga picha. Bi Chapa alikuwa na aibu ya kufa, mbele ya macho yote yale, lakini mumewe alikuwa hajamaliza kumtazama. Akasimama palepale, akamgeuzia shavu, alitazame.